Kusoma Quelque chose noir kwa Kifaransa cha kuungaunga

Kitabu chenyewe ni chembamba. Ukikiona mezani utadhani utakimaliza kabla basi halijafika Chalinze. Mimi nilikianza mara tatu nikakiacha mara tatu, na kila nilipokiacha nilikisingizia Kifaransa changu. Mara ya nne nilifika mwisho, na Kifaransa changu kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni namna ya kukaa nacho, na ndiyo nitakayoieleza hapa, hatua kwa hatua.

Ni kitabu cha mshairi wa Kifaransa Jacques Roubaud, kilichotolewa na Gallimard mwaka 1986. Sehemu kubwa ni ushairi wa nathari: hakuna vina, hakuna mizani ya kuhesabu kwa vidole, na maneno mara nyingi yanatembea hadi pembeni mwa ukurasa kama barua. Mada ni moja, mke amekufa. Mwongozo huu unamfaa anayeweza kusoma habari ya gazeti la Kifaransa akiwa na kamusi pembeni: aliyepitia Alliance Française ya Dar es Salaam au Nairobi, au aliyekulia Bujumbura au Bukavu, akakisoma Kifaransa tangu utotoni lakini ushairi ukampita kando.

Kwanza, vua miwani ya mtihani

Sisi tuliosoma ushairi wa Kiswahili shuleni tulizoeshwa kwamba shairi ni fumbo. Malenga amefunga, msomaji afungue. Eleza dhamira, taja tamathali tatu, toa mifano. Mazoea hayo ni mali, na ukimsoma Muyaka bila hayo utatoka mikono mitupu. Kwa Roubaud yatakupoteza. Mkono ukitajwa ni mkono, chumba ni chumba, na aliyekufa ni mtu fulani mwenye jina. Hakuna chungu kilichofukiwa nyuma ya maneno.

Ugumu uko juujuu, kwenye sarufi. Sentensi inakatika kabla ya kufika. Baada ya nukta inakuja herufi ndogo. Neno la kuunganisha halipo mahali pake. Kwa hiyo lile swali la darasani, "mshairi ana maana gani?", liweke kando, ujiulize: hapa lugha imevunjikia wapi? Chukua penseli na utie alama ndogo kila unapouona mvunjiko. Usiufafanue, tia alama tu uendelee. Ukurasa mmoja wa alama hizo utakufundisha zaidi ya saa nzima ya kamusi.

Mjue marehemu kabla hujaingia msibani

Kwetu mtu haingii matanga bila kuuliza aliyefariki ni nani na alikuwa nani wa nani. Fanya hivyo hapa pia. Kuna wahakiki watakaokuambia shairi lijitegemee, kwamba maisha ya mtunzi hayahusu. Kwa kitabu hiki siwasikilizi.

Aliyekufa ni Alix Cléo Roubaud, mpiga picha raia wa Kanada. Alizaliwa mwaka 1952, akaolewa na Roubaud mwaka 1980, na akafa tarehe 28 Januari 1983 akiwa na miaka 31, damu iliyoganda ilipoziba mshipa wa pafu. Alikuwa na pumu tangu zamani. Mumewe, aliyezaliwa 1932, alikuwa mwanahisabati aliyefundisha chuo kikuu, na tangu 1966 alikuwa mwanachama wa Oulipo, kundi la waandishi wanaojiwekea masharti magumu ya makusudi kabla ya kuandika. Naye alifariki tarehe 5 Desemba 2024, siku aliyotimiza miaka 92.

Kabla ya kufungua kitabu, itafute mtandaoni picha moja ya Alix ya mwaka 1980, yenye jina refu: Quinze minutes la nuit au rythme de la respiration, yaani dakika kumi na tano za usiku kwa mwendo wa pumzi. Alilala chali, akaiweka kamera kifuani, akaliacha tundu lake wazi kwa dakika 15 mbele ya miti. Miti ikatoka imetikisika, imefifia pembeni, kwa sababu kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Mwenye kifua hicho alikuwa na pumu, na kilichomuua kilikuwa mapafuni. Ukishaiona picha hiyo, maneno kama lumière, image na noir yanayojirudia kitabuni hayatakuwa mapambo ya kishairi tena. Ni maneno ya kazi, ya chumba cha giza cha kusafishia picha.

Kaa na jina la kitabu siku nzima

Mfaransa wa kawaida husema quelque chose de noir, kitu cheusi. Roubaud ameiondoa de. Ni kama mtu aseme kwa Kiswahili "kitu -eusi", kivumishi kimesimama bila kiambishi cha kukishikiza kwenye nomino. (Wenzetu wa Nairobi watasema "kitu nyeusi" na hakuna atakayegeuka. Mfaransa akiona jina hili anageuka.) Weusi upo, kitu kipo, ila kinachoviunganisha kimetoka.

Halafu kuna neno la pili lililotoka. Alix alikuwa na mfululizo wa picha alioupa jina Si quelque chose noir. Jambo hilo la kuikosa de, basi, mume amelirithi kutoka kwa mkewe. Alichokiondoa yeye mwenyewe ni si, yaani "kama", "ikiwa". Kwa mke weusi ulikuwa bado una sharti. Mimi nasoma hivi: ukishafiwa, "ikiwa" haina kazi. Andika majina hayo mawili kwenye daftari, moja juu ya jingine, na uyaache hapo mpaka utakapomaliza kitabu.

Pasha misuli kwa kitu chepesi

Kama Kifaransa kimelala muda mrefu, tangulia na Journal de deuil (shajara ya msiba) ya Roland Barthes, mwandishi na mhakiki wa Kifaransa. Si ushairi. Ni vipande alivyoanza kuviandika tarehe 26 Oktoba 1977, siku moja baada ya mama yake kufa, na vilichapishwa mwaka 2009, yeye mwenyewe akiwa kaburini miaka mingi. Vingine ni mstari mmoja au miwili. Soma vipande kumi tu upate msamiati wa msiba: deuil, chagrin, peine, manque. Kisha kirudishe kabatini, kisije kikakuzoesha vibaya, maana Barthes anamaliza sentensi zake.

Maneno madogo ndiyo yanayobeba jeneza

Hapa ndipo wengi huteleza, nami niliteleza. Mtu anahangaika na neno kubwa kama rémanence, analitafuta, anaridhika, huku maneno matano yenye herufi chache yamempita bila salamu.

Anza na plus. Ni "zaidi", na pia ni "si tena". Je ne te vois plus: sikuoni tena. Kinachotenganisha maana hizo ni ne iliyotangulia, lakini mazungumzoni na kwenye ushairi ne huanguka kirahisi, na hapo sauti ndiyo inayokuokoa: "zaidi" mara nyingi hutamkwa na s mwishoni, "si tena" haina s kamwe. Ukiona plus, simama uamue. Maombolezo mazima ya Kifaransa yanaweza kuning'inia kwenye s isiyotamkwa.

Encore ni "bado" na pia "tena". Toujours ni "daima" na pia "bado": elle est toujours là inaweza kuwa "yupo daima" au "bado yupo", na kwa mtu aliyefiwa hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Jamais peke yake ni "kamwe", lakini à jamais ni "milele". Personne ni "mtu", na ni "hakuna mtu". Rien leo ni "hakuna kitu", ingawa asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kitu". Tengeneza orodha ya maneno haya sita kwenye kikaratasi na ukitumie kama alama ya kurasa, ili kila ukifungua kitabu uyaone.

Ongeza na kitenzi manquer. Sisi husema "nimekukumbuka", mimi ndiye mtendaji. Mfaransa husema "tu me manques", na mtendaji ni yule asiyekuwepo. Yeye ndiye anayefanya kitendo, mimi natendwa. Kiswahili kinaweza kulifikia hilo kwa "kupungukiwa" kuliko kwa "kukumbuka": nimepungukiwa nawe.

Na tahadhari moja niliyoilipia kwa aibu. Niliwahi kuombwa na familia moja kutafsiri maandishi ya kibao cha kaburi kilichotoka ng'ambo. Kiliandikwa Regrets éternels. Nikaandika bila kusita: "Majuto ya milele." Mzee mmoja akasoma, akavua miwani, akaniuliza, "Majuto? Kwani walimfanya nini?" Regret kwenye kaburi ni uchungu wa kumkosa mtu, haina kosa lolote ndani yake. Tangu siku hiyo, neno la Kifaransa ninalolijua sana ndilo ninalolitafuta kwanza kwenye kamusi.

Fuata herufi e

Kiswahili hakimtofautishi mwanamke na mwanamume kwenye kitenzi wala kivumishi. Umekufa ni umekufa. Kifaransa kinatofautisha, na kwenye kitabu cha mgane (neno tunalo, ila tumezoea kusema "mjane" kwa wote) tofauti hiyo hubeba uzito. Mort ni mwanamume, morte ni mwanamke. Mara nyingi kitakachokuonyesha kwamba ni yeye anayetajwa ni e moja mwishoni mwa neno. Zungushie duara. Angalia pia lile neno la Kifaransa "tu", yaani "wewe". Mshairi anamsemesha mkewe kwa nafsi ya pili, mtu asiyeweza kujibu. Kwenye daftari langu kulikuwa na ukurasa wenye safu mbili, "anamsemesha" na "anamtaja tu", na kuna siku niliona vyote viwili ndani ya shairi moja.

Soma kwa sauti, na nafasi tupu uzivute pumzi

Shairi la kwanza linaitwa Méditation du 12/5/85. Linaanza: Je me trouvai devant ce silence, halafu nafasi tupu, inarticulé, nafasi tupu nyingine, un peu comme le bois. Hakuna mkato wala nukta kati yake, kuna utupu tu. Nilijikuta mbele ya ukimya huu, usiotamkika, kidogo kama ubao.

Sasa uliza: nani yuko kama ubao, ukimya au mimi? Inarticulé inakwenda na nani? Sarufi inaruhusu kote kuwili, na alama ya uandishi ambayo ingekata shauri mshairi hakuiweka. Usimkatie wewe. Soma mara mbili kwa sauti. Mara ya kwanza uupe ukimya neno lile, mara ya pili ujipe mwenyewe. Kwenye kila nafasi tupu nyamaza kwa urefu wa pumzi moja, hata kama jirani atashangaa.

Kisha anakuja na wengine: wapo waliodhani, nyakati kama hizo, kwamba wanaweza kuisoma roho kwenye rémanence fulani. Hilo ni neno la fizikia, usumaku unaobaki ndani ya chuma baada ya kilichoutia kuondolewa, na pia ni taswira inayobaki jichoni baada ya mwanga kuzimwa. Wengine walipata faraja humo, anasema, kisha anamaliza kwa maneno mawili: pas moi. Mimi, hapana. Ndiyo maana nasema usitafute faraja iliyofichwa kitabuni. Ukurasa wa kwanza umeshakuambia.

Shairi moja la kulichambua mpaka mwisho: Aphasie

Ukichoka kutangatanga, nenda moja kwa moja kwenye shairi hili. Kifaransa chake ni rahisi, na linaeleza kwa nini yale mengine yamevunjika.

Linaanza kwa kumtaja Jakobson, yule mwanaisimu Roman Jakobson, na wazo lake kuhusu afasia, maradhi ya kupotewa na lugha: kwamba lugha huliwa kinyumenyume cha mtoto alivyojifunza, kilichopatikana mwisho kinatangulia kwenda. Roubaud anasema aliwahi kuwaza hivyo hivyo juu ya mshororo wa ushairi, kwamba kanuni zake hupotea moja moja, kwa mpangilio, kama watu wanaobomoa jengo lao ghorofa kwa ghorofa bila kulilipua.

Hapa simama. Umesoma kipande cha isimu na kipande cha ujenzi. Msiba uko wapi? Mstari unaofuata: Devant ta mort je suis resté entièrement silencieux. Mbele ya kifo chako nilibaki kimya kabisa. Hakuna "kwa hiyo", hakuna "vivyo hivyo". Anaruka kutoka darasani hadi kaburini, na wewe ndiye unayetakiwa kuvuka.

Anaendelea kusema kwamba kwa karibu miezi 30 hakuweza kusema kwa namna yake ya kusema, ambayo ni ushairi. Hesabu mwenyewe, kwa kuwa mtunzi ni mtu wa hesabu: kutoka Januari 1983 hadi ile tarehe ya shairi la kwanza, 12/5/85. Halafu anasema alianza kusema kwa ushairi miaka 22 kabla, baada ya kifo kingine. Rudi nyuma miaka 22 kutoka 1983 utafika 1961, mwaka aliojiua mdogo wake. Shairi halimtaji. Anabaki katikati ya kingo mbili za kifo, kama mto.

Zoezi langu kwa shairi hili ni la kihuni kidogo. Lisome kinyumenyume, aya ya mwisho kwanza. Utaona jinsi sentensi fupi kabisa zilivyo za mtu anayejifunza upya kutamka.

Tafsiri vibaya kwa makusudi

Usingoje mpaka uelewe ndipo utafsiri. Tafsiri ndipo uelewe. Chukua mistari mitatu kwa siku uiweke kwa Kiswahili kibovu, neno kwa neno, na pale penye pengo uache pengo.

Utakutana mapema na tu es morte. Kwa Kifaransa maneno hayo ni tukio na ni hali kwa pamoja. Hapa Kiswahili kimebarikiwa: "umekufa" nayo ni tukio na ni hali, hiyo -me- inabeba vyote viwili. Usiibadilishe kuwa "ulikufa" kwa kudhani unasahihisha.

Mkono utakuwasha pia uandike "umefariki" au "umetutoka", maana adabu yetu haipendi neno lile kavu likaribie jina la mtu. Jizuie. Roubaud anasema mort na morte waziwazi. Na sisi wenyewe tunaye aliyelisema: Shaaban Robert alipomlilia mkewe Amina alianza, "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Kitenzi ni kile kile kikavu, na kipo ndani ya mizani nane kwa nane isiyoyumba. Soma shairi hilo siku moja na Aphasie. Wagane wawili, wote wanamsemesha asiyesikia, mmoja ameshikilia kanuni za utungo kama mkongojo na mwingine anazihesabu zikianguka.

Kipimo na kasi

Kitabu kina sehemu 9, kila sehemu mashairi 9, na mengi kati yake yana vifungu 9. Jumla 81. Kwa mtu aliyesema hakuweza kuongea, ratiba hii inashangaza, ila mwana-Oulipo ndivyo alivyo: alipokosa pa kushika alishika tarakimu. Nawe ishike. Shairi moja kwa siku, sehemu moja kwa siku tisa, kisha siku moja ya kupumzika. Utamaliza ndani ya miezi mitatu. Anayesoma mashairi 20 kwa jioni moja anapata kizunguzungu na kurudia neno noir tu.

Kama msiba uko nyumbani kwako na bado mbichi, kiache kitabu hiki mpaka arobaini ipite angalau. Nilikosea hilo mara yangu ya pili. Si kwamba kilinidhuru. Sikukiona kabisa, nilijiona mimi, na maneno yake yakawa ya kwangu kabla sijayasoma.

Ukishamaliza yote 81, utakuta moja limebaki nje ya hesabu, limesimama peke yake mwishoni. Linaitwa Rien. Mistari yake ni myembamba, neno moja, mawili, matatu, inashuka katikati ya weupe wa ukurasa kama uzi. Lina kipande cha mbingu, ukuta wa kanisa, mti, jua linalositasita. Angalia mwaka wake: 1983. Limewekwa mwisho, ilhali liliandikwa kabla ya yale mengine, ndani ya ile miezi ambayo alisema hakuweza kusema. Lisome bila penseli. Kisha rudi kwenye daftari, pale ulipoandika majina mawili moja juu ya jingine, uliandike la tatu chini yake.